Re: Doksi nimemaliza, goti bado limevimba

Pole mkuu. Umesema klamidia, ule ugonjwa wa zinaa, ulitibiwa kwa doksi (doxycycline, dawa ya kuua bakteria) siku 7, sasa goti na kisigino vimevimba, unataka kurudia dozi. Mimi yalinikuta hayohayo, ngazi nilikuwa nashuka kinyumenyume kama mtoto.

Kwanza angalia homa. Ukiwa nayo, na goti linachoma, nenda hospitali leo hii wavute maji ya goti wayapime, huenda ni usaha. Kama huna, jua doksi inaua mdudu tu. Uvimbe unaletwa na kinga yako ya mwili iliyochachamaa baada ya maambukizi. Mimi daktari aliniandikia diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, nameza nikishakula, ikachukua kama miezi mitano kupona. Macho yakiwa mekundu mwambie daktari pia.

Na mwenzi wako katibiwa? Kama bado, mtaambukizana upya.