Uji wa malti unapanda joto, bia inabaki tamu

SWALI: Jambo Mama. Ninatengeneza bia nyumbani kwa sufuria ya umeme ya lita 30. Rezistansi (chuma kinachopasha maji) ya wati 2,500 iko chini, termometa inaingia ubavuni, na kisanduku cha kudhibiti joto nimekitega digrii 66. Malti, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, ni ya shayiri, kilo 5 kwa lita 20 za maji. Namba inapita mpaka 73, halafu inashuka polepole. Bia mbili za mwisho zimetoka tamu, nzito, bila nguvu. Tena maji yakichemka termometa inasoma 96. Je, imeharibika? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Baba, termometa yako usiitupe. Lubumbashi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na huku kwetu maji huchemka karibu na digrii 96. Ingesoma 100 ndipo ningekuwa na wasiwasi. Itumbukize pia kwenye maji yaliyojaa barafu: ikisoma 0, basi ni nzima.

Shida ni moto wa chini. Kisanduku kinakata umeme termometa ikifika 66, lakini rezistansi bado ina joto lake, na uji wa malti ni mzito, joto halitembei ndani yake upesi. Linapanda taratibu mpaka linaifikia termometa. Ukiona 73 pale ubavuni, jua kwamba chini kabisa palikuwa na moto zaidi.

Na hapo ndipo utamu ulipotoka. Malti ina vimeng'enya viwili vinavyokata wanga. Kimoja kinapenda digrii 60 hadi 65, na ndicho kinachotoa sukari ambayo hamira inaila. Kingine kinafanya kazi vizuri karibu na 70, lakini kinaacha vipande vikubwa ambavyo hamira haiviwezi. Ukipita 70, kile cha kwanza kinakufa upesi. Kushusha joto baadaye hakukifufui.

Nkambo wangu, mama wa mama yangu, alilijua jambo hili bila termometa. Alipopika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, hakutia mizizi kwenye uji wa mahindi unaochemka hata siku moja. Aliuacha upoe, akaugusa, akangoja tena, ndipo akatia mizizi iliyopondwa. Nilipokuwa mtoto nilikaa pale kuangalia uji mzito kama bukari (ugali) laini ukigeuka mwepesi kama maji. Mizizi ile nayo ina vimeng'enya, ndiyo maana alikuwa na subira.

Kwa hiyo mimi sipashi uji, napasha maji. Ninayafikisha 71, nazima, kisha namimina malti kidogo kidogo huku nakoroga ili isishikane mabonge. Malti ya kilo 5 ikiwa baridi inayashusha mpaka 66 hivi. Nakoroga tena, napima katikati, chini na juu, nafunika, nazungushia blanketi mbili nzito. Kwa saa nzima natarajia kupoteza digrii mbili tatu tu, na hata umeme ukikatika sina hofu. Kumbuka kuondoa blanketi kabla ya kuwasha tena.

Ukitaka kisanduku kifanye kazi ndani ya saa hiyo, tafuta pampu ndogo inayostahimili joto, ivute maji ya malti chini na kuyarudisha juu mfululizo, na termometa iwe kwenye mpira yanamopita. Bila pampu, washa sekunde 20 tu, koroga dakika mbili, upime. Wati 2,500 zinapandisha lita 20 za maji digrii moja kwa sekunde 34 hivi, kwa hiyo kosa huja haraka. Mwaka wa kwanza niliwasha bila kukoroga, malti ikaungua chini, na bia yote ikanuka moshi. Nilimwaga lita 18, roho iliniuma.

Baada ya saa moja, weka tone la maji ya malti kwenye sahani nyeupe, ongeza tone la ayodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, ngoja dakika 15 upime tena. Tone hilo lisirudi sufuriani.

Na waya wa ardhi, baba. Sufuria ya chuma, maji na wati 2,500: fundi auangalie kabla hujawasha tena.