Mchezaji wangu anakimbilia kibendera peke yake

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua padi mbili za USB, sh 15,000 kila moja, nicheze gemu la mpira la PES 2013 na kaka kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikibonyeza batani ya mraba nipige shuti, mchezaji anamimina majaro. Tena padi moja ukiiweka tu mezani mchezaji anajiendea mwenyewe hadi kwenye kibendera cha kona. Kaka anasema ni virusi, anataka tupige Windows upya. Nisaidie.
Mdau wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwambie kaka aiache Windows yake ilivyo. Hayo ni matatizo mawili, na hakuna hata moja linalohusu virusi.

La majaro ni dogo. Padi haijui mraba wala pembetatu. Yale ni mapambo ya juu. Ukibonyeza, kompyuta inapelekewa namba tu: batani ya 1, ya 2, ya 3. Kila kiwanda kinapanga namba kivyake, na gemu nalo lina mpangilio wake. Lifunge gemu, ingia kwenye folda lake ufungue settings.exe, nenda sehemu ya padi. Chomoa padi moja kwanza, maana zinafanana hadi jina, utapanga hii kumbe unagusa ile. Bofya shuti, kisha ibonyeze batani unayoitaka wewe iwe ya shuti. Fanya hivyo kwa pasi, krosi na spidi, ubonyeze OK. Bahati yako ni gemu la zamani. Mengi ya siku hizi yanasubiri padi ya mtindo wa Xbox 360, ile ya mwaka 2005, na za sh 15,000 yanazipita kama hayazioni.

Sasa huyo wa kibendera. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, Enter. Chagua padi, bofya Properties. Utaona kisanduku chenye kijimsalaba ndani. Padi ikiwa mezani, mikono mbali, kijimsalaba kikae katikati. Kikiwa kimevutwa pembeni, nenda Settings, kisha Calibrate, ufuate maelekezo.

Hapo soma vizuri. Hatua ya kwanza inakutaka uiache analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa gumba, katikati. Nilipokuwa na banda la gemu Tanga niliifanya kazi hiyo huku nikigombana na mteja aliyekataa kulipa sh 200, kidole gumba kimeegemea analogi. Kompyuta ikaamini pale nilipoegemea ndipo katikati. Jioni nzima timu moja inakimbilia kushoto, na watoto wakasema nimewapangia mechi! Ukikosea kama mimi, palepale kuna Reset to default. Bofya, uanze upya.

Kijimsalaba kikiendelea kutetemeka baada ya hapo, ubovu uko ndani ya padi. Chini ya analogi kuna vipimo viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto, na ndani yake kuna utepe mwembamba wa kaboni unaosuguliwa kila unapokata chenga. Ukilika, padi inatuma habari za uongo. Spiriti kidogo husaidia ikiwa ni vumbi tu. Kama umelika, kuna kubadilisha kipimo kwa kuchomelea risasi, na fundi anaweza kukudai karibu bei ya padi mpya. Bandani kwangu analogi ya kushoto ndiyo ilikuwa ikifa kwanza, kila mara. Watoto wanaikandamiza kana kwamba ndiyo inayompa mchezaji mbio.

Jambo jingine: tazama batani ya katikati iliyoandikwa Analog au Mode. Kwenye padi nyingi za bei hiyo, taa yake nyekundu ikizimika, analogi ya kushoto inafanya kazi kama mishale tu, na ya kulia inaanza kujifanya batani nne za kulia. Mkiwa mnapokezana padi gumba hupita hapo bila mtu kujua, na kaka atakuja tena na habari za virusi.