Mtoto Akiandamwa Mtandaoni: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Maswali ya safari hii yametoka Kisauni, Likoni, Kizingo na Changamwe, hapa Mombasa. Wengi mnauliza pa kuanzia, kwa hiyo jibu la kwanza ni refu kuliko mengine.

Binti yangu ana miaka 15. Picha aliyopigwa kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake pekee, akiwa kichwa wazi, imefanywa stika na inazungushwa na matusi kwenye grupu la WhatsApp la wenzake. Nimemnyang'anya simu. Nifanye nini? (Mama, Kisauni)

Pole sana, mama. Kwanza mrudishie simu, au kaeni nayo pamoja. Ushahidi wote umo humo. Isitoshe, mtoto akishaona kwamba kusema kunamkosesha simu, mara ya pili hasemi, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Msimblok mtu wala kutoka kwenye grupu kabla ya kuhifadhi ushahidi. Fanyeni leo hii, maana aliyetuma ana zaidi ya siku 2 za kuufuta ujumbe kwa wote. Skrinshoti ya stika peke yake haitoshi. Piga ya ujumbe wenyewe ukiwa na tarehe na saa, kisha gusa jina la mtumaji mpaka namba yake ya simu ionekane, upige na hiyo. Jina la utani aliloseviwa halimtambulishi mtu mbele ya afisa. Piga pia orodha ya wanagrupu na maadmini. Usikate pembeni wala usichore duara juu yake. Halafu rekodi skrini ukiyapitisha mazungumzo taratibu toka mwanzo wa tukio hadi mwisho, video moja isiyokatizwa. Nakala zipeleke kwa barua pepe. Ukizituma WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa na maandishi madogo hufifia.

Baada ya hapo mtafute admini, au mzazi wake, kwa simu ya kawaida. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanagrupu yeyote. Ndani ya grupu usiandike hata neno moja, kwani hasira ya mama ndiyo itakayogeuzwa stika inayofuata. Kisha ripoti namba ya mtumaji (WhatsApp hupokea ujumbe wake 5 wa mwisho), ndipo mblok. Mwisho ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, mbadilishe anayeweza kumwingiza kwenye magrupu: asiwe kila mtu, wawe watu aliowasevu tu.

Kuhusu picha yenyewe, kwenye kupamba huwa hakuna mgeni kabisa. Aliyeipiga anajulikana na mtu fulani katika ukoo au ujirani. Mtumieni mtu mzima wa kike anayeheshimika amfuate aliyeipiga, amwombe kwa upole aifute, kabla haijatoka kwenye simu yake mara nyingine.

Nina miaka 17. Nilikuwa nikichati na msichana Instagram, tukatumiana picha za utupu. Sasa anadai shilingi 5,000 kwa M-Pesa, la sivyo anawatumia jamaa zangu wote. (Likoni)

Mdogo wetu, usilipe. Ukilipa amejua una hela na unaogopa, na kesho atadai 10,000. Na huenda huyo si msichana hata kidogo: mara nyingi hawa ni matapeli wanaochati na vijana wengi kwa wakati mmoja, na asiyelipa huwapotezea muda.

Usiifute akaunti yako, kwa sababu mazungumzo yanaweza kwenda nayo. Piga skrinshoti ya jina la akaunti yake, vitisho vyake na namba ya M-Pesa aliyokupa. Picha za utupu usizinakili tena wala usimtumie mtu, hata rafiki unayemwamini: picha kama hiyo ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kuisambaza. Mripoti, kisha mblok. Kama ulishamlipa, hifadhi ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huo una namba ya muamala na jina la mpokeaji.

Halafu ingia kwenye huduma ya bure iitwayo Take It Down. Unaichagua picha kwenye simu yako na simu inatengeneza alama ya tarakimu inayoitambulisha. Picha yenyewe haiondoki kwako. Instagram, Facebook na TikTok huitumia alama hiyo kuizuia. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, na kwa picha ya aliyekuwa ametimiza miaka 18 ilipopigwa, huduma yake ni StopNCII.

Usiku wa leo mwambie mtu mzima mmoja. Ukishindwa, piga 116, laini ya watoto. Ni bure na hupokewa saa 24. Ukijiona unawaza kujidhuru, usikae peke yako chumbani, piga sasa hivi.

Polisi wataishughulikia kweli? (Baba, Kizingo)

Sheria ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao, kifungu cha 27, inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kinacholegeza kesi mara nyingi ni ushahidi uliokuja nusu nusu.

Nenda kituo cha karibu na simu yenyewe. Omba dawati la jinsia na watoto, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kitengo cha kulinda watoto cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nacho kina ofisi Mombasa. Skrinshoti zilizochapishwa huambatana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Ukichapisha saiba, tumia flashi, futa mafaili kwenye kompyuta ya watu na utoke kwenye barua pepe yako. Watu husahau hapo, na aibu ya mtoto hubaki kwa mteja anayefuata. Picha za utupu usizipeleke saiba kabisa; afisa ataziona kwenye simu.

Mtu ameichukua WhatsApp ya mwanangu, anawatukana watu kwa jina lake. (Changamwe)

Yaelekea aliombwa zile tarakimu 6 za uthibitisho ambazo WhatsApp hutuma kwa SMS, akazitoa. Sajili upya namba ileile kwenye simu yake; ukiingiza tarakimu mpya, mwizi hutolewa. Ukidaiwa pini usiyoijua, mwizi ndiye aliyeiweka. Utangoja siku 7, lakini naye hana tena akaunti. Ikirudi, weka pini yenu na kagua vifaa vilivyounganishwa.

Na kama mwanangu ndiye aliyetengeneza stika kama hizo? (Mama mwingine, Kisauni)

Ahsante kwa kuuliza. Wazazi wengi hunyamaza. Usimpige wala usimtangaze. Weka kwanza nakala ya yaliyotokea, kisha kaa naye aifute picha kwenye grupu, kwenye stika alizozipendelea, kwenye galari na kwenye hifadhi ya Google, pamoja na pipa la takataka, ambako picha hubaki siku kadhaa. Awaandikie mmoja mmoja aliowatumia, awaombe nao wafute. Kisha mwende wawili nyumbani kwa mtoto aliyeumizwa, mkiwa mmepiga simu kwanza kuuliza kama wako tayari kuwapokea.