Ukuta kando ya kijito cha Kadutu: urefu gani unatosha?

Swali. Mheshimiwa Mhandisi, ninaishi katika komini ya Kadutu, hapa Bukavu, kando ya kijito kinachoteremka kuelekea Mto Kawa. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia katika nyumba kadhaa za avenyu yetu, hasa zile zilizo karibu na mahali ambapo kijito hupita ndani ya bomba la zege chini ya barabara. Kamati imekusanya michango ya kujenga ukuta wa mawe upande wetu. Wengine wanataka mita moja, wengine mita mbili. Tunaomba utuambie urefu ufaao.

Jibu. Mama, nakushukuru kwa kueleza mahali hasa maji yanapoanzia kuingia, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yanayonifanya niishauri kamati isinunue mawe kwanza. Ikiwa nyumba zinazofurika ni zile zilizo kabla kidogo ya bomba, upande maji yanakotoka, basi kinachoamua kimo cha maji ni bomba lenyewe, na ukuta, uwe wa mita moja au mbili, hautalipanua.

Tufanye hesabu ambayo fundi yeyote anaweza kuirudia. Chukua eneo la mlima linalomwaga maji yake katika kijito, tuseme nusu kilomita ya mraba. Katika mitaa iliyosongamana kama ya Kadutu, ambako mabati, njia zilizokanyagwa na udongo wa mfinyanzi havinywi maji mengi, si vibaya kukadiria kwamba asilimia 70 ya mvua hutiririka moja kwa moja. Mvua yenye kasi ya milimita 60 kwa saa, hata ikidumu dakika ishirini tu, inaweza kuleta kijitoni karibu mita za ujazo 6 kila sekunde. Bomba la zege lenye kipenyo cha mita moja na mteremko wa asilimia 2, likiwa safi kabisa, hupitisha takriban mita za ujazo 3.4 kwa sekunde. Yanayobaki hayana njia: katika dakika kumi hukusanyika karibu mita za ujazo 1,500, na maji hayo lazima yatafute mlango wowote ulio chini kuliko barabara. Bomba hilohilo likijaa matope hadi nusu, uwezo wake hushuka hadi nusu au pungufu. Namba hizi ni za mfano. Eneo la mlima wenu lipimwe kwenye ramani, na kipenyo cha bomba kipimwe kwa mkono.

Ukuta wa upande mmoja, zaidi ya kutotibu chanzo, huzaa matatizo mapya. Maji yaliyonyimwa nafasi kwenu huenda kwa jirani wa ng'ambo, naye mwakani atajenga wake mrefu zaidi. Maji ya mlimani yanayoteremka nyuma ya nyumba zenu nayo yatakosa pa kutokea, na mtafurika kutoka upande ambao hamkuutazamia. Isitoshe, ukuta uliojengwa bila msingi ulioshuka chini ya kitanda cha kijito huchimbwa na mkondo, kisha huanguka kwa ghafula, wakati watu wameshauamini na wamelala nyuma yake. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Basi anzeni na vipimo. Karibu kila nyumba iliyofurika ina alama ya tope ukutani. Ziunganisheni alama hizo kwa mpira wa maji ambao mafundi hutumia kupimia usawa, nanyi mtaona kama maji hulala sawa kuanzia mdomo wa bomba. Yakilala sawa, bomba ndilo linaloyarudisha. Yakifuata mteremko wa kijito, tatizo ni wembamba wa mkondo wenyewe, na hapo ushauri wangu ungebadilika. Wekeni pia chombo chenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mpime mvua kwa rula kila asubuhi na kuandika milimita pamoja na saa mvua ilipoanza na kuisha. Daftari la msimu mmoja, kuanzia Septemba hadi Mei, lenye picha za alama za maji, litaipa barua yenu kwa Ofisi ya Barabara na Mifereji (OVD) uzito ambao sahihi mia haziwezi kuipa. Kubadilisha bomba na kuweka daraja pana la zege ni kazi ya ofisi hiyo, si ya michango ya avenyu.

Michango yenu itafaa zaidi katika kuzuia taka. Watu wengi huweka nondo kwenye mdomo wa bomba, na mimi sishauri hivyo, kwa kuwa chupa na majani hujibana pale pale na kuuziba katika dakika za kwanza za mvua. Simikeni nguzo imara zilizoachana, mita kadhaa kabla ya bomba, upande maji yanakotoka, mahali ambapo mtu anaweza kufika na kusafisha bila kuingia majini, tena pasiwe na nyumba pembeni, maana nguzo zikizibwa na taka, maji yatapanda hapo. Salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, ya kuzoa tope ifanyike kabla ya Septemba na irudiwe baada ya kila mvua kubwa. Taka zisizozuiliwa huko juu hufika Ziwa Kivu, kisha kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I, na sote tunajua namna chupa zinavyousumbua umeme wetu.

Mabati nayo ni sehemu ya hesabu. Paa la mita za mraba 50 likipokea mvua ya milimita 40 hutoa lita 2,000, yaani mapipa kumi ya lita 200. Kukinga hata sehemu yake husaidia, lakini msichimbe mashimo ya kunywesha maji ardhini, ingawa ushauri huo hutolewa sana katika miji ya tambarare. Kwenye miteremko ya mfinyanzi ya Bukavu, maji yanayoingizwa ndani ya udongo yanaweza kuuteremsha mlima wenyewe. Pembeni mwa kijito acheni nafasi bila jengo jipya, na kingo za mkunjo wa kijito unaoliwa na maji zishikwe kwa gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) na mianzi.

Hata bomba kubwa lina mvua itakayolishinda. Likijengwa kwa mafuriko ambayo kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 10 kutokea, uwezekano wa kuzidiwa walau mara moja katika miaka 25 ni asilimia 93. Kwa hiyo pangeni tangu sasa nani atapiga filimbi usiku, wazee na watoto watapandia njia ipi, na nyumba ipi ya juu itawapokea. Mkiona maji ya kijito yamepungua ghafula ilhali mvua bado inanyesha, msishangilie: huenda mlima umeporomoka na kuyazuia huko juu, na kizuizi hicho kinaweza kupasuka wakati wowote. Ondokeni kijitoni mara moja, na pasiwe na mtu wa kurudi kuchukua godoro.