Bastola ndogo ya kubeba kiunoni: yangu ya kwanza ilikuwa ndogo mno

Mkuu umeuliza uchukue bastola gani ya kubeba chini ya shati maana unafunga duka saa tano usiku hapa Houston, na umeiona moja yenye risasi za kipimo cha .380 inayoingia hata kwenye mfuko wa suruali. Mimi nabeba tangu 2019, duka langu nalo la usiku, kwahiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Makaratasi kwanza aisee, hapa wabongo wengi tunateleza. Kama uko na visa ya mwanafunzi au ya matembezi, sheria ya serikali kuu kwa kawaida inakukataza hata kuimiliki, achana nayo kabisa. Ukiwa na grini kadi au uraia na huna kesi, uko sawa. Tangu Septemba 2021 Texas mtu wa miaka 21 anabeba bila leseni ila mimi nasema leseni chukua tu, ada ya serikali dola 40, darasa unalilipia mbali, na mwisho kuna mtihani wa risasi 50: ishirini kutoka yadi 3, ishirini yadi 7, kumi yadi 15. Alama ni 250, unafaulu kwa 175.

Huo mtihani ndio ulionifungua macho. Nilienda na kibastola kama hicho unachokitaka, hakifiki gramu 300, nikijua kidogo ndio rahisi. Kumbe kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyopiga teke, mpini mfupi hadi kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, saiti zake, vile vya kulengea juu yake, kama punje ya mchele. Nilipata 181, nilifaulu kwa kuponea, na zile za yadi 15 karibu zote zilienda chini kushoto. Mwalimu, mzee mmoja mpole sana, akachukua magazini yangu, kasha la risasi, akachanganya risasi bandia moja katikati ya za kweli bila kuniambia iko wapi, nikapiga, nikapiga, ya tatu kimya, na wote wawili tukaona mdomo wa bastola umezama chini kama vidole viwili. Nilikuwa nausukuma mwenyewe kwa kuogopa mlio, na miezi yote ile nilikuwa nailaumu bastola.

Niliiuza nikachukua Glock 43X, risasi 10 za 9mm, mwili mwembamba lakini mpini unatosha mkono mzima. SIG P365 iliyotoka 2018 nayo nzuri, ilibeba 10 wakati Glock 43 ya 2015 ilikuwa inabeba 6 tu. Glock 19 inabeba 15 na kwa kulenga ni tamu zaidi, sema kwa joto la Houston na shati jepesi inachora, kila mtu anaiona. Halafu risasi za 9mm bei yake iko chini kuliko za .380, kwa mtu anayetaka kufanya mazoezi hilo ni jambo kubwa.

Usibane hela kwenye holsta, ala ya kuwekea bastola kiunoni. Ya kwanza nilinunua ya kitambaa, ukitoa bastola mdomo wa holsta unajifunga, siku moja narudisha na kona ya shati ikaingia kwenye triga, kile cha kufyatulia, nikahisi kitu kinagoma nikasimama papo hapo. Nilikaa chini kitandani dakika kadhaa natetemeka. Nunua ngumu ya Kydex, aina ya plastiki, inayofunika triga yote, na mkanda mgumu wa kuishikilia, na ukirudisha inamisha kichwa uangalie kwa macho, polepole, hakuna anayekukimbiza.

Mazoezi mengi ni ya nyumbani bila risasi. Risasi zote napeleka chumba kingine, nafungua slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, naangalia chemba inapokaa risasi kwa macho na kwa kidole, mara mbili, naelekea ukuta wa matofali wa gereji, naweka sarafu juu ya saiti ya mbele na kuvuta triga taratibu mpaka ibonyee bila sarafu kuanguka. Dakika kumi mara nne kwa wiki, nikimaliza nasema kwa sauti nimemaliza ndio narudisha risasi. Renji, uwanja wa kulenga shabaha, naenda mara mbili kwa mwezi, risasi 50 zinatosha, naanzia yadi 3 na sisogei mpaka zikae pamoja kwenye sahani ndogo. Risasi zile zenye tundu kichwani ambazo ndio utabeba, zipige pia kwenye bastola yako ujue hazikwami.

Nyumbani kama una watoto, isiyo kiunoni iko kwenye sanduku la kufungwa, si juu ya kabati. Na soma vibao mlangoni: 51% nyekundu ni baa, hapo usiingie nayo, 30.06 kinatukataza sisi wa leseni kuingia na bastola iliyofichwa, posta na shuleni pia hapana.

Kabla hujatoa hela, renji nyingi zinakodisha. Kodi hiyo .380 na moja ya 9mm nyembamba siku hiyo hiyo, piga 50 kila moja, chukua karatasi zote mbili za shabaha uzilaze mezani nyumbani uzitazame.