Paa linalia usiku, choo kina nzi, ukuta una ufa: maswali yenu ya majengo ya shule

Mbukwenyi wana Dodoma, na nyie majirani wa Singida mnaotusoma. Meseji ni nyingi mno wiki hizi, nadhani ni upepo wa mwezi wa nane ndo umewashtua watu. Nimechagua chache, majina nimeyaacha maana najua mkuu wa shule akitajwa hapa kesho anaitwa ofisini.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu, Bahi. Madarasa mawili upepo ukipiga bati zinagonga kama ngoma. Nimeripoti, naambiwa nisubiri bajeti. Nifanyeje?

Mwalimu, usisubiri. Paa linalogonga tayari limeshaachia mahali, na kila upepo unalegeza misumari kidogo kidogo mpaka siku moja mnasikia shule imeezuliwa na watu wanasema "upepo ulikuwa mkali sana", wakati upepo ulikuwa ule ule wa kila mwaka. Sasa fanya hivi, Jumamosi tafuta fundi na ngazi, muanzie kwenye kona na kwenye bati za mwisho za pembeni, alafu baraza, maana baraza liko wazi kwa chini na upepo unaingia pale unasukuma bati kwenda juu huku mwingine unalinyonya kwa juu. Angalia msumari uliochomoka, papi (mbao zinazoshika bati) iliyopasuka, mbao iliyoliwa na mchwa (ipige na nyundo, ikilia tupu ujue ndani ni unga). Kubwa kuliko yote ingia darini uone kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) zimefungwaje. Zinatakiwa zishikwe na hupaini (ukanda wa chuma) iliyotoka kwenye ringi bimu (mkanda wa zege juu ya ukuta), sio kenchi imekaa tu juu ya ukuta na misumari miwili. Nimeshaona darasa jipya kabisa, rangi inanukia bado, kenchi zimekaa pale kama kofia.

Na dirisha lisilofungwa nalo ni shida ya paa, sio ya vumbi peke yake. Upepo ukiingia darasani na ukakosa pa kutokea unasukuma bati kwa chini. Kwaiyo mbao tu ya kuziba dirisha bovu inaweza ikakuokolea paa.

Mkija kubadilisha bati mwambieni fundi geji (kipimo cha unene) 28, na mkumbuke namba ikipanda bati inakuwa nyembamba, kuna watu wanauziwa 32 wakidhani ndo kubwa zaidi. Hela ya misumari na hupaini haihitaji bajeti ya halmashauri, ruzuku ya uendeshaji inayokuja shuleni kuna sehemu yake ni ya ukarabati mdogo. Najua ni ndogo, sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na humo humo vitabu, lakini misumari inatosha. Itisha kamati ya shule, andikeni muhtasari, fanyeni. Na barua ya kuripoti paa kwa mhandisi wa halmashauri bado uiandike, na nakala yake ubaki nayo.

SWALI: Mimi ni mzazi wa Kongwa. Choo cha shule kimejengwa kizuri tu lakini kina nzi na harufu, watoto wanakimbilia porini. Tatizo nini?

Mama yangu, hapo naomba uende na mambo matatu kichwani. La kwanza bomba la hewa. Lile bomba linalotoka shimoni linatakiwa lipite juu ya bati kama nusu mita hivi, na kwa juu liwe na wavu. Inavyofanya kazi ni hivi: upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa ya shimoni, harufu inatokea huko juu badala ya kwenye tundu, na nzi akiwa shimoni anafuata mwanga, anapanda na bomba, anakuta wavu, anafia hapo. Ila hiyo inafanya kazi kama ndani ya choo kuna giza kidogo. Wakiweka bati la mwanga au mlango ukang'oka, nzi anaona mwanga kwenye tundu na anarudi huko huko. Na ile tabia ya kufunika matundu ya choo cha aina hii kwa mbao nayo inazuia hewa isizunguke. Nenda kaangalie wavu, nina uhakika ama umetoboka au haupo kabisa.

La pili idadi. Mwongozo wa serikali wa vyoo vya shule unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu watoto, hesabu matundu, alafu peleka hizo namba mbili kwenye mkutano wa wazazi bila maneno mengi.

La tatu maji, na hapa Kongwa nyie mnaelewa kuliko mimi, maana ugonjwa wa vikope watafiti wameufuatilia hapo kwenu miaka na miaka. Nzi anayependa macho ya mtoto anazaliana kwenye kinyesi kilichoachwa porini, kwaiyo watoto kukimbia choo na macho yao kuuma ni kitu kimoja. Kibuyu chirizi (kidumu cha maji kinachoinamishwa kwa mguu) na kasabuni mlangoni pa choo, na asubuhi watoto wanawe uso sio mikono tu. Maji ya uso ni kidogo sana, hata kikombe hakiishi.

Na kwa wasichana wakubwa kuwe na chumba cha kujistiri chenye maji, ndoo na kitasa cha ndani. Kitasa jamani. Sijui kwanini hicho ndo kinasahaulika kila siku.

SWALI: Ukuta wa darasa letu una ufa kuanzia kona ya dirisha mpaka chini. Fundi kaziba mara mbili na unarudi. Chamwino.

Anaziba kidonda bila kujua kilichomkata. Ufa wa kushuka mshazari kutoka kona ya dirisha mara nyingi ni msingi unacheza, na huku kwetu kuna sehemu zina ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, yani nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Cha kwanza jua kama ufa bado unatembea: chora mstari kwa penseli pale unapoishia, andika tarehe, na katikati paka plasta nyembamba ya jipsamu ikatize ufa. Rudi baada ya mwezi. Plasta ikipasuka, bado unatembea.

Alafu zunguka jengo mvua ikinyesha (ndio, toka na mwamvuli) uone maji yanatuama wapi. Kama yanakaa ukutani, adui wako ni huyo. Tengenezeni aproni ya zege kuzunguka jengo, iteremke kuelekea nje, na mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Na ule mti mkubwa uliopandwa hatua mbili kutoka ukutani kwa ajili ya kivuli nao unakunywa maji chini ya msingi wakati wa kiangazi, ndo ujue.

Ufa ukipita upande wa pili, au sarafu ikiingia bila kugusa, au ukuta umeanza kuinama, hamisha watoto siku hiyo hiyo wakasomee chini ya mti na umuite mhandisi wa halmashauri. Na tusisahau tuko kwenye bonde la ufa, Dodoma tetemeko sio hadithi.

SWALI: Popo wamejaa darini, harufu inashuka darasani. Tuwachome moshi? Manyoni.

Hapana, moto darini kwenye mbao kavu za Manyoni mtapoteza shule nzima. Subirini jioni popo wakitoka muone wanapitia wapi, zibeni tundu zote mchana unaofuata isipokuwa moja, ile mliyobakisha muizibe usiku wakiwa nje. Msifanye wakati wana watoto wadogo maana watafia humo, harufu itakuwa mara mbili. Kinyesi kikavu msikifagie hivi hivi, vumbi lake lina vimelea vya fangasi vinavyoingia kwenye mapafu. Lowesheni kwanza, vaeni barakoa, na wanafunzi wasipewe hiyo kazi hata kama ni adhabu.

SWALI: Bweni la wasichana tumeweka nondo madirishani na kufuli nje usiku kwa ajili ya usalama. Mkaguzi kakataa. Yuko sahihi?

Yuko sahihi kabisa, dada. Mwaka 2009 Idodi kule Iringa bweni liliwaka usiku na wasichana 12 wakafa. Moto haukupi dakika za kutafuta mwenye funguo. Kila bweni milango miwili, inafunguka kuelekea nje, usiku isifungwe kwa kufuli, na baadhi ya nondo ziwe na bawaba zifunguke kwa ndani. Mlinzi ni binadamu, kufuli sio mlinzi. Kizimamoto kiangalieni mshale uko kwenye kijani, wafundisheni wasichana wenyewe kukitumia, na namba ya Zimamoto 114 iandikwe ukutani kwa rangi. Mshumaa na simu za kuchaji juu ya godoro, marufuku.

SWALI: Radi. Tuna kizuia radi lakini sijui kama kinafanya kazi.

Baada ya wanafunzi saba kuuawa na radi Bukombe, Geita, Januari 2025, swali hili nalipata sana. Angalia kama ule waya wa shaba unaoshuka ukutani bado upo, maana watu wa vyuma chakavu wanaujua kuliko nyie. Ukiwa umekatwa katikati, ni pambo. Alafu mwite fundi umeme apime ethi (njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini), ukinzani wake usizidi omu 10, na apime kiangazi, udongo wetu ukikauka ethi inakuwa mbovu hata kama masika ilipita vizuri. Mawingu yakianza kunguruma watoto waingie ndani, wakae mbali na madirisha, na asibaki mtu chini ya mbuyu.

SWALI: Kamati yetu inabishana, tununue gata na tanki au tupake rangi kabla ya mgeni rasmi kuja?

Hahaha. Chukueni kalamu. Jengo la madarasa matatu bati lake ni kama mita za mraba 240. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, na Dodoma tunapata kama milimita 550 kwa mwaka. Toeni yanayopotea, mnabaki na karibu lita laki moja, kwa jengo moja tu, maji ambayo sasa hivi yanachimba msingi wenu bure. Tanki la lita 10,000 linajaa kwa milimita 50 na ushee. Mvua ya kwanza iacheni iende na vumbi na kinyesi cha ndege, inayofuata ndo muikinge, na ya kunywa mchemshe au mtie dawa.

Mgeni rasmi mpeni maji ya tanki anawe.