Mavazi ya wazazi kwenye mahafali ya chuo
Dada, umeuliza kama baba wa mhitimu ni lazima avae suti siku ya mahafali. Hapana, halazimiki. Mahafali hayana sare ya wazazi. Joho na kofia ni vya wahitimu na wanataaluma wa chuo. Kitenge kilichoshonwa vizuri, gauni la heshima, kanzu na koti, vyote vinaingia. Nimesindikiza wahitimu wawili, mmoja ukumbini Mlimani City, Dar es Salaam, mwingine uwanjani chini ya turubai. Huko uwanjani kilichonitesa ni viatu: visigino vilizama kwenye nyasi, nikaishia kuvishika mkononi. Na kanzu nyeupe iangalieni wakati wa kuvishana mashada, yale ya kung'aa huacha vumbi la rangi mabegani. Ila soma kadi ya mwaliko kwanza, vyuo vingine huandika masharti yao.